Aliye Uchi ni Mbuzi Peke Yake

Tunduma, 3 Machi 2025

Mdogo wangu Atuganile,

Marahaba. Najua hujanisalimia, ila naitikia kabisa, maana nikisubiri shikamoo yako nitazeeka.

Huku tupo. Mvua inapiga, tope la Tunduma unalijua. Foleni ya malori haisogei, yaani kuna dereva mmoja wa Kongo kakaa hapa mpaka ananiita shemeji na mbuzi wangu anamwita kwa jina. Wifi yako Recho anakusalimia. Mimba inamvimbisha miguu ila mdomo uko palepale. Biashara inakwenda: panya, mende, kunguni, viroboto. Bado nazunguka na spika yangu begani, ile unayojirekodi mara moja inakuitia wateja kutwa. Recho anasema siku hizi hata usingizini nanadi.

Naandika kwa mkono kwa sababu WhatsApp umenifungia. Nimemeza. Barua nampa Nikodemo, kondakta wa basi la Dar, akuletee mpaka getini kwenye gazeti lenu. Usimpe chai, atazoea.

Sasa jambo lenyewe. Juzi napita stendi kwa muuza magazeti. Sisi hatununui, unatujua, tunasimama tunasoma kurasa za mbele bure, tunabishana, tunaondoka tumeelimika. Nikakuta watu wamejazana kama kuna ajali. Gazeti lenu, herufi nyekundu: KITABU CHA NGONO CHANASWA MIKONONI MWA WATOTO MBOZI. Asubuhi hiyohiyo redio ilikuwa imeshakisoma hicho kichwa, mtangazaji akacheka, akaweka mziki. Basi, Songwe nzima ikawa imeshajua.

Mimi nikalinunua. Muuzaji akaniuliza kama naumwa. Ndani wanasema wakubwa wamekipiga marufuku mashuleni kitabu kinaitwa "Ndoo ya Sekela", kisa maadili. Halafu: "Uchunguzi wa gazeti hili umebaini kuwa kitabu hicho kilichosheheni picha za utupu bado kinasomwa na watoto katika chumba kimoja cha kusomea, kata ya Isansa." Na Mwandishi Wetu.

Atu, Isansa nzima chumba cha kusomea ni kimoja. Ni lile ghala bovu la kahawa nyuma ya kanisa, mama mkubwa Marita alilifagia mwenyewe alipostaafu ualimu, akaomba vitabu kila mahali mpaka akajaza ukuta. Mama mkubwa huyohuyo aliyetulea mimi na wewe tangu mama alipolala.

Na hicho kitabu nimekisoma, mimi niliyeishia la tano. Sekela ni kabinti, siku zake zinamkuta shuleni, kanaogopa kanadhani kanakufa. Bibi yake anampa ndoo ya maji na vitambaa, anamwambia hufi, umekua. Picha ziko za Sekela, bibi, ndoo, na mbuzi aliyefungwa nyuma ya choo. Nimekikagua kama mtu wa forodha. Aliye uchi mle ndani ni mbuzi peke yake.

Sasa sikia matokeo. Wazee wa kanisa wamepiga kufuli chumba. Mama mkubwa wamemhamishia benchi la nyuma, pale wanapokaa waliotengwa, Meza ya Bwana hasogelei. Mama aliyefundisha nusu ya wazee hao kusoma. Watakaa kikao kabla ya Pentekoste. Wakimwona ana hatia, vitabu vyote vinachomwa, ghala linarudi kuwa la kahawa, naye benchi la nyuma anakuwa na namba yake.

Mpo ofisi moja na huyo Mwandishi Wetu. Mwambie afute.

Kaka yako,
Ipyana, daktari wa panya

*

Dar es Salaam, 24 Machi 2025

Kaka Ipyana,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, samahani kuchelewa kujibu. Nilihama chumba, sasa nakaa Mbagala, maji yanatoka mara mbili kwa wiki. Nafurahi kusikia mnaendelea vizuri. Mpe pole wifi Recho, mwambie aache chumvi.

Sikukufungia, simu ilikuwa na matatizo.

Kuhusu ile habari, naomba uelewe kazi zetu zinavyokwenda. Anayeandika habari siye anayeweka kichwa. Kichwa anaweka mhariri, na mhariri anataka gazeti litoke mezani. Pia gazeti halikumtaja mtu yeyote kwa jina, kwa hiyo kisheria hakuna aliyechafuliwa. Habari ilitoka kwenye vyanzo vya kuaminika, na vyombo vingine vyote viliandika hivyohivyo.

Mambo haya huwa yanapita. Baada ya wiki mbili watu wanasahau.

Kahawa imechanua? Nasikia mwaka huu itakuwa nzuri.

Mdogo wako,
Atuganile

*

Tunduma, 6 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Marahaba, leo umeisema mwenyewe, nimefurahi. Recho kaacha chumvi kwa siku moja. Mchana wa pili nikamkuta anakula embe bichi na pilipili, chumvi kaificha kwenye kopo langu la dawa ya mende. Siku akifa mtasema nimemuua mimi.

Kahawa ilichanua. Umeuliza habari ya kahawa, mama mkubwa hujamuuliza. Nimeisoma barua yako mara tatu nikimtafuta, nikageuza hadi nyuma.

Unasema wiki mbili watu wanasahau. Wiki mbili zilipoisha wakaja watu wa televisheni ya mtandaoni. Kijana mmoja anaitwa Lusungu, shati limenyooka, kiatu kimezama kwenye tope, na mwenzake kashika simu juu ya fimbo. Isansa hawakufika, wameambiwa barabara mbaya. Wakanikuta mimi stendi.

"Kaka, una maoni gani kuhusu kitabu kichafu?"

"We umekisoma?"

"Mimi nauliza maswali, kaka."

Nikasema vizuri kabisa, kwa kituo, kama mchungaji: Kitabu kile ni kibaya kwa mtu ambaye hajakisoma. Jioni wameirusha. Nipo pale, kofia imekaa upande, nasema "Kitabu kile ni kibaya," halafu wananikata. Chini wameandika: MKAZI WA TUNDUMA AFUNGUKA MAZITO. Mazito gani, wakati waliyakata wakayaacha kwenye tope.

Mama mkubwa kaiona kwenye simu ya jirani. Nilipofika Isansa Jumapili akanikaribisha uji, akanitazama, akasema, "Nimekuona. Ulipendeza." Bora angenipiga na mwiko.

Ibadani nikakaa naye benchi la nyuma. Pana upepo pale, mlango haufungi. Wakati wa Meza ya Bwana watu wanasimama, wanapita mbele, yeye anatazama mikono yake. Baada ya ibada nikamfuata mzee Ambilikile, huyo ndiye mkubwa wa wazee na ufunguo wa kufuli anao mfukoni.

"Baba, kile kitabu umekisoma?"

"Mimi sisomi uchafu."

"Umejuaje ni uchafu?"

"Kimeandikwa gazetini."

"Gazeti umelisoma?"

"Redio ilisoma."

"Redio ilisoma habari?"

"Ilisoma kichwa. Kichwa si ndiyo habari?"

Unaona mlivyo, Atu? Mkubwa kakipiga marufuku kitabu kwa sababu kuna mtu kamwambia. Gazeti limemwandika mkubwa. Redio imelisoma gazeti. Mzee kaisikia redio. Msururu mzima huo, kutoka Dar mpaka Isansa, hakuna hata mmoja aliyefungua ukurasa wa kwanza. Mimi nikitaka kuuza sumu ya panya mteja anadai nimwonyeshe panya aliyekufa. Nyie mnauza bila panya.

Halafu kuna kitu kingine. Nilimuuliza mama mkubwa, gazeti lilijuaje kitabu kipo kwako, umeshawahi kutembelewa na mwandishi yeyote? Akasema hapana. Nikamuuliza ulimwambia nani. Akafikiri. Akasema, "Atu alinipigia Jumapili moja. Aliniuliza mvua, akaniuliza mgongo, akaniuliza kama kitabu cha Sekela ninacho. Nikamwambia ninacho, watoto wanakigombania mpaka jalada limetoka. Akacheka. Nilifurahi alivyopiga, alikuwa hajapiga tangu Krismasi."

Kumbe uchunguzi wa gazeti hili ndio huo.

Sitakuuliza. Nakwambia tu kwamba mama mkubwa bado hajaunganisha, au kaunganisha na anakaa kimya. Ukimwona alivyokuwa anapepeta mchele baada ya kusema vile, utaamua mwenyewe.

Ipyana

*

Dar es Salaam, 5 Mei 2025

Kaka,

Shikamoo. Poleni na mvua, tumeona picha za daraja lililokatika huko juu. Mimi nilipata malaria, ndiyo maana kimya.

Ufafanuzi umetoka. Nimekukatia kipande nimekiweka humu ndani. Haikuwa rahisi. Mhariri hakupenda, alisema gazeti likianza kujisahihisha wasomaji watadhani linakosea. Mwandishi aliyehusika alisimama akaomba, na akaambiwa akumbuke mkataba wake unaisha Julai. Kwa hiyo naomba uelewe kwamba mwandishi huyo alijitahidi.

Kipeleke kwa wazee. Naamini kinatosha.

Mama mkubwa mgongo unaendeleaje?

Atuganile

*

Tunduma, 15 Mei 2025

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole na malaria. Recho kakutumia majani ya mlonge, yapo kwenye karatasi, Nikodemo aliyanusa akauliza kama ni bangi. Recho mwenyewe sasa tumbo liko mbele kama mzigo wa mahindi, anatembea akiwa ameegemea nyuma, anagombana na watu wa mbele yake. Mahindi Isansa yameanza kukauka. Mgongo wa mama mkubwa unauma. Asante kwa kuuliza.

Kipande nimekipata. Nilikitafuta kwenye bahasha nikadhani kimedondoka. Ukurasa wa kumi na nne, upande mmoja mtu kapoteza leseni ya udereva, upande mwingine kampuni inanyonya vyoo, katikati mistari mitatu: "Katika toleo letu tulieleza kuwa kitabu fulani kina picha za utupu. Ufafanuzi ni kwamba kitabu hicho hakina picha hizo. Usumbufu wowote unajutiwa." Kitabu fulani. Unajutiwa na nani, nao hawakusema. Uongo ulitoka na herufi nyekundu mbele, ukweli mmeupanga chumba cha uani karibu na choo.

Nikampelekea mzee Ambilikile. Akavaa miwani, akakigeuza, akasoma kwanza ile ya leseni, akamsikitikia mwenye leseni. Halafu akasema, "Hii redio haikuisoma." Nikasema redio wanasoma ukurasa wa mbele tu, baba. Akasema, "Basi haijawa habari."

Nikarudi Tunduma na hasira. Nikakaa, nikawaza, nikachukua spika nikajirekodi upya. Sikia: "Panya, mende, kunguni, viroboto. Sumu ipo, mitego ipo. Na gazeti limekosea, kitabu cha Ndoo ya Sekela hakina mtu uchi, aliye uchi ni mbuzi, Mwalimu Marita wa Isansa ni mama safi. Panya, mende, kunguni, viroboto." Nikazunguka nayo stendi, sokoni, kwenye foleni ya malori, mpaka geti la mpaka. Nimetangaza kuliko redio yenu. Mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya Zambia, kavuka huku, kanisalimia kwa lugha yao, "Mulishani, ba Ipyana," kaniuliza hiyo Sekela ni ya unga au ya maji. Yule dereva wa Kongo kaishika yote kwa kichwa, anaimba akiosha lori. Watu walianza kuniuliza, nikawaeleza. Kuna mama kanunua sumu halafu kaniuliza hicho kitabu atakipata wapi, ana binti wa darasa la sita.

Nikapanda nayo hadi Isansa siku ya soko. Mzee Ambilikile kaisikia yote, mara tatu, maana inajirudia. Nikasema moyoni leo kaiva. Akanambia hivi, na hapa nisikilize vizuri:

"Ipyana, wewe ni mtoto wake, utasema nini kingine? Tena sauti ya muuza sumu. Unajua utaratibu wetu. Mtu akimchafua mwenzake mbele za watu, anakuja kufuta kwa kinywa chake mbele za watu. Karatasi hatupokei. Wa kumsemea hatupokei. Aliyesema, aseme."

Utaratibu unaujua. Ulikuwepo siku yule mama wa kwaya aliyemwita mwenzake mchawi alipofuta, na sauti ikamkauka, wakamsubiri mpaka ikarudi.

Kikao ni Jumamosi kabla ya Pentekoste. Nauli najua, ruhusa najua, mkataba najua. Sisemi uje. Spika yangu inasoma kadi ya memori, hata sauti iliyorekodiwa Dar. Nimemaliza.

Mama mkubwa hajui kama nimekuandikia hivi.

Ipyana

*

Dar es Salaam, 2 Juni 2025

Kaka,

Shikamoo. Majani nimechemsha, machungu.

Kadi nimeibandika hapa chini kwa gundi ya karatasi. Nimesema mara moja, sikurudia, kwa hiyo kuna gari linapiga honi katikati. Nisamehe kwa hilo.

Kitabu nilikitafuta hapa mjini, hakuna duka linalokubali kusema linacho. Nikakipata kwa mama mmoja mwenye genge, binti yake alikuwa nacho. Nilikisomea palepale nimekaa kwenye kreti.

Usiiweke kati ya panya na mende.

Atu

*

Tunduma, 11 Juni 2025

Atu,

Marahaba mdogo wangu. Nianze na la furaha: Recho kajifungua binti, Jumatatu, zahanati ya hapahapa. Mrefu, ana sauti. Yule dereva wa Kongo alipewa ruhusa ya kuvuka siku hiyohiyo, akaja kuaga, akaomba tumwite Sekela. Recho kasema tutafikiria.

Sasa kikao. Wazee walikataa spika isiingie kanisani, ilishapita masokoni. Ila kwa kuwa sauti ni ya aliyesema mwenyewe, wakatoa mabenchi nje, mbele ya mlango wa ghala, kufuli linatutazama. Mama mkubwa wakamketisha mwisho. Watu wakaja kuliko ibada ya Pasaka, hata wale wasiosali, wale ndio waliwahi viti.

Nikaweka kadi. Ikakwaruza. Halafu wewe.

"Mimi ni Atuganile wa hapa Isansa. Habari ile niliiandika mimi. Kitabu nilikuwa sijakisoma. Picha za utupu niliziandika kwa sababu wengine walikuwa wameshaziandika. Uchunguzi haukuwepo, nilimpigia simu mama yangu mkubwa siku ya Jumapili, akanijibu kama mtoto wake, mimi nikaenda kuandika." Honi ikapiga. Ukanyamaza. Watu wote tukaisubiri sauti irudi, kama siku ile ya yule mama wa kwaya. Ikarudi. "Nafuta. Mama, nafuta."

Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Sasa mashine yangu mpumbavu. Kadi ikiisha, inarukia iliyokuwemo. Kabla sijafika kwenye kitufe ikaita kwa nguvu zote: "Panya, mende, kunguni, viroboto." Na mzee Ambilikile akashtuka kama mtu aliyeitwa jina lake. Watoto ndio walianza kucheka. Halafu akina mama.

Mzee akasimama. Akasema aliyesema amesema, imepokelewa. Mama Marita arudi mahali pake. Kuhusu chumba, wazee watakifungua baada ya wao wenyewe kukisoma kitabu. Mmoja nyuma akauliza kwa nini hawakuanza na hilo mwezi wa tatu, akatazamwa vibaya. Basi mzee kakichukua. Kitabu kina kurasa ishirini na nne, nusu ni picha, leo ni siku ya nne anasoma. Nilimpitia jana, kaketi na miwani, kafika kwenye mbuzi. Kasema si kibaya, ila bibi angemfunga mbuzi mbali na choo. Ufunguo bado uko mfukoni kwake.

Na wenzako hawajalala. Yule Lusungu wa televisheni ya mtandaoni alipata habari, karusha jana: MUUZA SUMU AVURUGA KIKAO CHA KANISA. Hakufika. Gazeti lenu limemnakili yeye, ukurasa wa tatu, eti uchunguzi umebaini nilikuwa nauza dawa ndani ya ibada. Na Mwandishi Wetu. Sasa najua si wewe, kwa hiyo nimecheka kwa raha zangu. Nimelikata nimefungia mitego.

Mkataba wako sijauliza. Ukiisha, spika ya pili ipo, na Nakonde hakuna anayeita vizuri.

Jumapili ya Pentekoste mama mkubwa hakwenda benchi la nyuma. Alipita katikati, taratibu kwa ajili ya mgongo, akaketi pale pake, akasogelea Meza ya Bwana na wenzake.

Ila jioni aliniambia niilete mashine. Akasema weka ile ya Atu. Nikaweka. Akasema tena. Nikaweka tena, safari hii nimeziba kitufe kwa kidole panya asitoke. Nilidhani anasikiliza maneno. Akasema, "Huyu amekonda." Nikamuuliza umejuaje, ni sauti tu. Akasema, "Amekonda. Hali." Akainuka akaanza kupepeta mchele, akajaza mfuko, akaufunga kwa kamba. Ndio huo anao Nikodemo, pokea.

Nikamwambia basi nimwambie akupigie? Akakaza tena fundo la kamba. Halafu akasema, "Apige. Ila mwambie nitamuuliza kwanza, kabla ya salamu, naongea na Atu au na Mwandishi Wetu."

Kaka yako,
Ipyana